Mama Bhoke Analima Vizuri

Jumanne, jioni.

Fomu ile ya kumpumzisha mgonjwa imenichosha roho. Ina swali moja tu: anaweza kufanya kazi, au hawezi?

Mama Bhoke anaweza. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa hajakosa siku hata moja kwenye shamba la kijiji. Leo alikuja zahanati na jembe begani, akanieleza kwamba usiku halali, na kila alfajiri hurudi Gorong'a, kijiji chake cha zamani, kufagia uwanja wa nyumba yake iliyobomolewa. Akimaliza, ndipo anakuja kulima.

"Kazi hainishindi, daktari," alisema. "Ila hata mjukuu wangu nikimbeba, naona kama nimebeba kuni."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumwombea apumzike. Akacheka. "Yule? Mgonjwa gani analima vile? Wangeugua wote kama yeye, kijiji kingeshiba!"

Nikarudi zahanati. Fomu ilikuwa upande wake. Nikaandika: anaweza. Miaka yote ile niliyosoma, kumbe ili nije...

Nilimpa Mama Bhoke aspirini. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana.

Kesho ni palizi ya mtama. Atafika wa kwanza.