Alizeti Nyekundu Uani Kwangu

Ng'ambo, Tabora
9 Novemba

Baba yangu Leodgar,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama mdogo Magreth aliniambia siku hizi unakwenda kanisani bila mkongojo, nikamshukuru Mungu. Sisi hatujambo. Mume wangu Adriano anakusalimu. Amemaliza kuezeka jiko. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri. Ningemtuma mama mdogo akueleze, lakini haya ni yangu kuyasema. Majidi wa basi anakuja huko kesho, nimempa barua mkononi.

Mwaka jana ulinikabidhi kopo la mbegu zako za alizeti, zile za milia, ukasema nizipande huku mjini, kwa kuwa huko Igalula mashamba yamekaribiana na alizeti za watu zinaharibu zako. Nilizipanda uani, mistari minne. Lakini sokoni nilimkuta Omari muuza mbegu ana vipakiti ambavyo sijawahi kuviona: alizeti fupi isiyonifika kiunoni, nyekundu kama tofali, na nyingine yenye matawi, shina moja maua zaidi ya kumi. Nilimuuliza kama ni kweli. Akacheka, akasema, "Panda uone, dada." Nikazipanda zote kando ya zako.

Machi uani kote kukachanua. Kila asubuhi nilizunguka na kikombe cha chai nikiwatazama nyuki. Nyuki alitoka kwenye nyekundu, miguu imejaa unga, akatua kwenye yako ya milia. Niliona, nikafurahi tu. Mwezi wa tano nilivuna zako peke yake, nikapepeta, milia ni ileile, nikakutumia ndoo nzima. Ukanisifu mbele ya jumuiya, ukamgawia na jirani yako mzee Lugembe.

Mwezi wa sita nikapanda tena punje chache za mavuno yale, nikimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Nilitaka kujua tu. Septemba zilipochanua nilizikagua moja moja. Nyingine zilikuwa na wekundu, nyingine zimetoa matawi, hakuna mbili zilizofanana. Nikaenda kumuuliza Jilala, bwana shamba wetu. Alinieleza kwamba ganda la mbegu hufuata mama, lakini kilichomo ndani kina baba pia, na baba huyo ni ua lolote ambalo nyuki ametoka kwalo.

Baba, ndoo niliyokutumia si mbegu yako. Kwa macho ni yako, ikiota ni mchanganyiko. Nimelijua hili tangu Septemba nikanyamaza kwa aibu, maana mbegu ile mlianza kuitunza wewe na marehemu mama kabla sijazaliwa. Jana niliona mawingu mazito upande wa Igalula, nikajua mnakaribia kupanda. Nisamehe.

Usipande, na mzee Lugembe naye asubiri. Nilibakiza kikombe kimoja cha mbegu zako za mwanzo. Jumamosi nakuja nacho, na kwa mzee Lugembe nitakwenda mwenyewe. Nikifika unigombeze unavyotaka, sitajibu neno.

Ila kama mvua imewahi na mmeshapanda, nakuomba, zitakazochanua nyekundu msizing'oe mpaka nizione.

Nisalimie mama mdogo na wanajumuiya wote wanaoniulizia. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Binti yako,
Apolinaria