Nimekataa Kung'olewa Meno Yote kwa Siku Moja

Basi nikainuka kwenye kile kiti, mpendwa mshauri, na msaada wako nitauomba, lakini kwanza andika hilo, Exilda, kwamba niliinuka mwenyewe, maana mwanangu Réjean anazunguka kote akisema eti mama alishikwa na kizunguzungu kwa daktari wa meno ikabidi atolewe nje, uongo mtupu, sikuwa na kizunguzungu, nilikuwa na hasira, na nilitoka na kile kitambaa chao cha karatasi kinaning'inia shingoni mpaka kwenye gari, watu pale nje wakanitazama, nami nikawatazama.

Anayeniandikia ni dada yangu Exilda, kwa sababu mimi shule niliacha nikiwa mdogo nikaenda kutunga samaki kwenye vijiti katika mabanda ya moshi, herufi ninazozijua ni za jina langu tu. Na jina lenyewe usilitaje redioni. Sema bibi mmoja wa Cap-Pelé. Watanijua tu, pwani hii ukipiga chafya kijiji cha tatu wanakuombea afya, lakini wewe sema hivyo hivyo.

Sasa nikueleze. Jino langu la mbele lilivunjika mwezi wa tano nikipasua gando la kambakoche, na usinigombeze, Exilda keshanigombeza, koleo la kupasulia lipo kwenye droo na najua lilipo, lakini mimi magando nayapasua kwa meno tangu utoto, na marehemu mume wangu Dosithée alikuwa akinipa na yake nimpasulie, anakaa ananitazama kama mtu aliyekwenda sarakasi. Haya. Likavunjika. Na huku nyuma kulia kuna gego lililozibwa zamani ambalo ule ujazo wake umetoka, na juu kushoto nina mapengo mawili, sikatai, mdomo wangu si wa msichana. Yule daktari wetu mzee aliyekuwa jirani na kanisa, aliyenizibia haya yote, alistaafu akahamia Florida kuota jua, na tangu hapo sijapata mtu.

Réjean na mkewe Ginette wakanipeleka mjini Moncton kwenye kliniki mpya, maporomoko ya maji ukutani, yaani maji yanatiririka ndani ya nyumba na hakuna anayeita fundi. Daktari kijana, mzuri wa sura, meno yake meupe kama vigae vya bafu. Akanichungulia kinywani, nakwambia Ginette alikuwa hajamaliza kuvua koti, keshamaliza. Hakugonga jino hata moja. Hakuniuliza linaloniuma ni lipi. Akanipiga picha ya kichwa kizima, akatoka, akarudi na picha nyingine kabisa, ya bibi kizee mwenye fulana nyeupe anauma tofaa ufukweni, na mimi nimezaliwa ufukweni, sijaona mtu akipeleka tofaa huko. Halafu akaanza kuongea na Réjean. Si na mimi, na Réjean. Anamwambia meno ya mama yamechoka, tutayang'oa yote, juu na chini, tutafunga skrubu kwenye mfupa wa taya, na jioni hiyo hiyo anarudi nyumbani na meno mapya.

Nikamuuliza mabovu ni yapi. Akanishika bega akasema mama, kwa umri wako, ya nini kuhangaika na moja moja. Nikaweka kidole kwenye haya ya chini mbele, haya ambayo hayajawahi kuniuma hata siku moja, nikasema, "Na haya yana nini?"

Akasema, "Hayana kitu, mama. Ila hayatalingana na mapya."

Hapo ndipo nilipoinuka.

Sasa wewe mshauri ni mtu wa huku, lakini kwa umri wewe ni wa kuzaliwa nami, labda hukuyaona, na hawa vijana wanaosikiliza ndio kabisa. Zamani zetu msichana akichumbiwa, baba yake alimpeleka kung'olewa meno. Yote. Mazima na mabovu. Ilikuwa zawadi ya harusi, baba anampa mkwe, ili bwana harusi asije akabeba gharama za meno ya mke, anamchukua keshamalizwa, na meno ya bandia kwenye kisanduku. Watu walisifia. Walisema fulani amewatendea haki wakwe. Exilda huyu aliye mbele yangu alikuwa na meno ambayo ungeyatia kwenye dirisha la duka, na majira ya kuchipua aliyoolewa na Alyre baba akampeleka mjini, akarudi kwenye lori na foronya imefungwa usoni, na baba anashuka anatembea kifua mbele kama aliyenunua ng'ombe.

Exilda ameweka kalamu chini. Anasema hilo lisiandikwe. Nimemwambia andika au nitamwita Ginette aje aandike yeye na atakosea majina yote. Anasema baba hakujua, ndivyo walivyofanya wote. Sijasema baba alikuwa mbaya. Nimesema meno yalikuwa mazima. Ameandika.

Zamu yangu ilipofika baba alisema Jumamosi tunakwenda. Nikasema siendi. Mama akalia, shangazi wakaja, padri akaja akanywa chai akaondoka. Baba akamwita Dosithée aje anitie akili. Kijana akasimama jikoni kwetu, kofia mkononi, masikio mekundu, hajawahi kumjibu mtu mzima maishani mwake, akasema, "Mzee, nimemposa mzima, na meno yake." Basi. Baba akatoa cherehani badala yake, na siku nzima ya harusi hakuniambia neno, na cherehani yenyewe ilikuwa inaruka mishono.

Kwa hiyo leo nina miaka themanini na moja, nimezika mume, na nilichomnyima baba yangu nije nimpe mwanangu? Réjean anasema si kitu kimoja, mama, zama hizi ni nyingine, hutasikia hata maumivu. Si mtoto mbaya, theluji ananizolea kila siku kabla hajaenda kazini. Lakini amenichoka kidogo, naona, amechoka kunisikia nikitafuna upande mmoja, anataka jambo liishe. Anasema mama una kiburi. Labda. Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na mimi naona hata pengo lenyewe bado hawajanipa, wanataka walichimbe kwanza ndipo walizibe.

Sasa hapa ndipo ninapokwama, na Exilda, andika bila kunitazama. Siku waliyonipangia upya ni Alhamisi ijayo. Réjean amewaambia nitakuja. Mimi nimemwambia Réjean kwamba muuguzi wa kituo cha wazee amesema nisubiri kwanza kwa ajili ya presha yangu, na muuguzi hajasema kitu, muuguzi hata hajui. Na lile gego la nyuma kulia limevimbisha ufizi, limefika mpaka shavuni, nalalia upande wa kushoto, naweka karafuu na ramu kidogo, na ramu nyingine naimeza, na sijamwambia mtu. Sasa Exilda anajua. Ananitazama kwa macho ya baba.

Siogopi maumivu. Nimezaa watoto sita na wa mwisho alikuja barabara imefungwa na theluji. Ninachoogopa ni kwamba nikienda kwa daktari yeyote na huu uvimbe, atasema unaona sasa, bibi, tulikwambia, na watanilaza, na nitaamka kinywa kimekwisha kuwa kitupu, na Réjean amesimama pembeni anasema pole mama, ilikuwa lazima. Na ninaogopa pia labda wao ndio wenye haki na mimi ni kizee mbishi tu ninayebishana na baba aliyekufa zamani.

Naomba unisaidie hili moja. Mtu wa umri wangu anamjuaje daktari wa meno wa kuaminika, anayetengeneza kilichopo, na kumtofautisha na huyu anayefyeka shamba zima? Wote wanatabasamu. Nikiuliza kwenye karata za Jumanne kila mmoja anamsifia wake, na ukichimba ni binamu yake. Exilda anasema niende kwa wake, lakini wake ni mtengenezaji wa meno ya bandia, ukimuuliza fundi viatu dawa ya mguu atakwambia nini? Na mwingine yuko huko Shediac, wanasema ni mwanamke, mpole, mkono mwepesi, lakini anayesema hivyo alikwenda kwake mara moja tu kusafishwa, na hata mimi

Ginette ananiita kutoka jikoni. Tunapika madonge ya viazi vya karamu ya parokia na wameshavikwaruza, visipokamuliwa sasa hivi vinageuka vyeusi, na Ginette mikono yake haina nguvu ya kukamua. Funga tu hivyo hivyo, Exilda, watanielewa. Nakuja, Ginette, nakuja.

*

MSHAURI ANAJIBU

Bibi wa Cap-Pelé, shikamoo.

Ulifanya vyema kuinuka. Mtu anayekwambia kwa mdomo wake kwamba meno hayana kitu, kisha anataka kuyang'oa ili yafanane na anayoyauza, hahitaji kuchunguzwa zaidi. Umeshamjua. Wala usijione kizee mbishi. Baba yako hakuhusika pale. Uliuliza swali la mtu mwenye akili zake na ukajibiwa kama mtoto.

Sasa kaa chini nikugombeze. Ramu juu ya ufizi uliovimba, kwa umri wako? Uvimbe uliofika shavuni ni usaha, na usaha wa taya haujui kukaa mahali pamoja, unashuka shingoni, unaingia kwenye damu, unaua watu wenye nguvu kuliko wewe. Hiki ndicho kitu pekee kwenye barua yako kilichonitia hofu. Alhamisi ni mbali mno. Kesho asubuhi pigia yeyote anayepokea wagonjwa wa dharura, na ukiingia sema hivi: "Nina uvimbe. Nataka utibiwe huu tu. Mengine tutaongea nikipona." Hana ruhusa ya kugusa jino jingine bila wewe kukubali, awe na maporomoko ukutani au asiwe nayo. Ukishindwa kumeza au kuhema usiku huu, usingoje asubuhi, nenda hospitali.

La pili, Réjean. Mwambie ukweli leo, muuguzi wa watu mtoe humo. Wewe unamlaumu daktari kwa kuongea juu ya kichwa chako, na wewe unaongea na mwanao kwa mdomo wa muuguzi. Halafu shika simu wewe, si yeye, uifute ile Alhamisi. Akitaka kukusaidia akupeleke kwa gari na akae chumba cha kungojea.

La tatu, uliloniuliza. Umekuwa ukiuliza vibaya. Usiulize nani daktari mzuri, hapo ndipo binamu wanapojitokeza. Uliza nani alitengenezwa miaka kumi iliyopita na mpaka leo anatafunia lile lile. Uliza nani lilimvunjikia, akarudi, akapokelewa bila ugomvi. Mpaka sasa huyo mwanamke wa Shediac umesikia tu kwamba anasafisha vizuri. Tafuta aliyewekewa kitu naye.

Ukimpata wa kumjaribu, chukua ile picha uliyopigwa Moncton, una haki ya kuiomba, mpelekee, na usimwambie yule wa kwanza alisema nini. Mwambie apite jino kwa jino, kwa mkono, agonge: hili lina nini, likitengenezwa litakaa muda gani, likiachwa itakuwaje. Daktari mwaminifu kuna mahali atasema sijui, tungoje tuone. Asiyesema hivyo hata mara moja, inuka, unajua namna. Anayetaka jibu leo leo, inuka. Na akikubali kazi, ifanywe kwa hatua: kwanza panapouma, kisha jino la mbele, kisha mapengo, na kati ya hatua na hatua upumzike na ufikiri. Ukikosa kabisa, Halifax kuna chuo cha madaktari wa meno. Wanafunzi ni wazito, utakaa kitini mpaka uchoke, lakini mwalimu anasimama nyuma yao na wako pale kujifunza kutengeneza.

Skrubu zile zenyewe si shetani. Kwa mtu asiye na meno zimewapa wengi raha ya kula. Tatizo ni kumfanya mtu awe hana meno ili zipate pa kukaa.

Dada Exilda, nawe nakupa neno. Asante kwa kuandika lile ulilotaka kuliruka. Hukuwa na namna wakati ule. Kesho nenda naye, ukae upande wa kile kiti, umshike mkono, na mtu akianza kumjibu Réjean badala yake, wewe kohoa kwa nguvu.

Na mwisho, bibi, jiandae kwa hili. Huenda daktari mwema, baada ya kugonga na kutazama, atakwambia lile gego la nyuma limekufa na halitengenezeki. Basi ling'olewe, hilo moja, wala usipigane naye. Kutoa lililokufa si kushindwa. Ulichokataa Moncton ni kutoa yaliyo hai kwa sababu wengine wamechoka kuyangoja, na hilo uendelee kulikataa hata ukifika miaka mia.

Simu kwanza. Viazi vya parokia atakamua mtu mwingine.