Mashine Isisimame

Jumatatu, 4 Machi

Mtoto kalia tena mpaka sauti ikakauka. Nesi amempima, amesema mtoto mzima, uzito unapanda, wengine ndivyo walivyo, watatulia wenyewe. Sawa. Lakini nesi haishi humu! Kuta za vyumba vyetu ni kama karatasi. Watoto wa mpangaji wa mbele wameshampa jina: Kinanda.

Baba Kinanda amesinzia kazini, trei nzima ya mikate imeungua. Bosi kamwambia ikitokea tena abaki nyumbani alale vizuri.

Halafu mama mkwe akapiga simu. Anakuja Jumapili. Ameongea kwa upole, ndiyo inauma zaidi. Eti mwanangu, nipe huyo mtoto nikae naye, hata mwaka, wewe bado mdogo, pumzika, na mume wako apate usingizi. Baba Kinanda hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia!

Mwaka mzima. Atarudi ananiita shangazi.

Jumatano, 6 Machi

Nimembeba mgongoni nikazunguka mtaa, kama ni kulia alilie upepo. Tumepita pale palipokuwa sinema. Siku hizi wanauza magodoro. Lakini juu ukutani vile vitundu viwili vya chumba cha mashine bado vipo! Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akichungulia hapo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kuonyesha filamu.

Yamenijia yote. Viti vya mbao vya kukunja, ukikaa vibaya vinakubana makalio. Ule mwanga unaopita juu ya vichwa, umejaa moshi wa sigara. Tulikuwa tunainua mikono ili vidole vyetu vitokee kwenye pazia, wakubwa wanafoka — shusha mkono wewe! Filamu zenyewe za lugha za kigeni, hakuna anayeelewa, kila mtu anamtungia jirani yake maneno.

Na mtoto akilia, ukumbi mzima: Mpe nyonyo! Siku moja mama mmoja akajibu kule gizani, nimempa hataki, njoo unyonye wewe! Watu walicheka mpaka wakapitwa na mapigano.

Lakini hakuna aliyemwambia mama yule ampeleke mtoto kwingine.

Nimecheka peke yangu barabarani. Muuza magodoro akadhani nataka godoro.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepeleka sketi ikapunguzwe kwa Fundi Pindo, yule mama mwenye cherehani ya miguu hapo barazani. Kinanda analia kama kawaida. Fundi akaanza kukanyaga, tarrrrr — kimya! Nikageuka. Amelala!

Uzi ukakatika, cherehani ikasimama. Kinanda akafumbua macho, mdomo ukapinda. Fundi akatunga uzi, akakanyaga. Amelala. Uzi ukakatika tena. Ameamka!

Nikapiga kelele, mimi huyu! Fundi Pindo akaruka, akadhani nimechomwa sindano.

Nikamweleza. Mama yangu alikuwa akinisimulia, mimi nilipokuwa mchanga nililia hivihivi. Mama yuko sokoni anauza, kwa hiyo baba alikwenda na mimi kazini. Ananilaza kwenye kasha tupu la filamu, pembeni ya mashine. Ile mashine ikinguruma, mimi nimezima. Filamu ikikatika, naamka mimi kabla watu wa chini hawajaanza kupiga miluzi na kudai hela zao! Wakasema fundi wetu ana kengele ya nyama.

Fundi Pindo kacheka mpaka akafuta machozi kwa sketi yangu. Kasema, basi lete kengele yako kila siku, mimi nina sare za shule za kushona mpaka nitoke kibyongo.

Jumamosi, 9 Machi

Analala mchana, anaamka ananyonya, anacheka. ANACHEKA. Na akishashiba usingizi wa mchana, usiku hana ugomvi na mtu. Jana nilimshika pua, anapumua kweli?

Baba Kinanda kalala mpaka akakoroma. Sasa yeye ndiye kinanda.

Fundi Pindo anasema atanifundisha kushona. Atakuwa anapumzisha miguu, mimi nakanyaga. Nimetoka na pindo moja limekwenda kama nyoka, lakini ni pindo!

Kesho mama mkwe.

Jumapili, 10 Machi

Naandika harakaharaka, nimejibanza mlangoni.

Amekuja. Na mfuko mkubwa, mtupu. Nimejua wa nini. Nikampeleka barazani, shikamoo nyingi. Kinanda kalala kwenye beseni lake karibu na cherehani. Mama mkwe akainama, akatazama weee. Akasema, huyu ndiye anayelia?

Hapohapo Fundi Pindo akasimama! Eti mguu umekufa ganzi. Kimya. Kinanda akafumbua jicho moja. Mdomo ukaanza kupinda — nikasema basi, nimekwisha.

Mama mkwe akanong'ona kwa ukali, kanyaga wewe mwanamke! Fundi anaruka kwa mguu mmoja, siwezi, mama, siwezi! Mama mkwe akautupa mfuko chini, akaketi yeye kwenye cherehani. Hakuna kitambaa, uzi umechomoka. Anashona hewa.

Jicho likafumba.

Anakanyaga mpaka sasa. Jasho linamtoka na kilemba kimelegea. Baba Kinanda kasogea, kamuuliza, mama, tufungashe nguo za mtoto au vipi?

Hakugeuka hata. Kasema, nyamaza wewe, utamwamsha.

Mfuko uko palepale sakafuni. Fundi Pindo ameukalia anasugua mguu. Tarrrrr —