Sinema za Kuangalia Kabla Shule Haijafunguliwa

Chumba Namba Sita,
Kambi ya Wafanyakazi wa Ujenzi,
Ijumaa, 4 Septemba.

Mpendwa mpwa wangu,

Hujambo, mama? Kichwa, tumbo, usingizi, vyote vinaendaje? Mimi ni mzima, ila mabega yananisema. Tunasuka nondo za ghorofa ya tano, na chuma kikishapigwa na jua kinaunguza hata ndani ya glavu. Nakula, nalala, namshukuru Mungu. Na goti la bibi yako likoje? Mwambie nimeuliza.

Sasa nisizunguke. Mama yako alinipigia simu analia. Anasema tangu shule ifungwe hujatamka neno. Unatikisa kichwa tu, na uliandika kwenye karatasi kwamba hurudi, basi. Akanieleza na yale ya siku ya kufunga: wenzako walivyokusukuma jukwaani, wakakuvika ndoo kichwani, wakapiga kelele, "Redio Mbovu, tangaza!" Ukumbi mzima ukacheka, na walimu wawili nao wakacheka. Simu ilipokatika nilirudi kazini nikakaza waya mpaka ukakatika.

Mimi nakujua tangu ulipokuwa ukitangaza mpira jikoni: "Mama anakipiga chenga kitunguu, anaingia na mwiko, sufuria linalalamika kwa refa!" Nilikuwa nacheka mpaka nakohoa. Ndiyo maana ukimya wako unanitisha kuliko kusimama huku juu.

Baba yako naye hakunificha. Usiporudi shule ikifunguliwa, anakupeleka kwa shangazi yako ukapige pasi kwenye udobi wake. Nikambishia: "Shemeji, mpe mtoto muda." Akanijibu, "Muda nimempa. Yeye sauti hajanipa." Tukaagana vibaya. Kwa hiyo barua hii ikikufikia tutakuwa na wiki moja tu, mimi na wewe.

Sitakudanganya kwamba shule ni tamu. Niliishia kidato cha pili, naijua. Wala sina cha kukufundisha. Nilicho nacho ni sinema. Ndani ya bahasha kuna memori kadi, nimeifunga kwa karatasi ya kung'aa ya sigara, usije ukaitupa. Anayekuletea ni fundi bomba wa chumba cha jirani, anakuja likizo.

Humu chumbani tuko wanane, na simu yenye kioo kizima ni moja. Tukishaoga tunaangalia vichekesho vya watoto wa sekondari, wale wenye vituko vyao, wanaokaa peke yao wakati wa chakula. Lugha ni ya kigeni, hivyo mchomeleaji ndiye hutusomea maandishi ya chini, maana anasoma haraka. Juzi mwanga wa kuchomelea ulimpiga macho, akafungwa kitambaa, kazi nikapewa mimi. Unanijua mimi na kusoma. Nilichelewa sana, hata maneno ya msichana yakawa yanatokea mdomoni mwa mwalimu mkuu. Mwashi mzee tunayemwita Tofali akainuka kitandani: "Jamani, mbona mwalimu mkuu analia anamtaka mama yake?" Mchomeleaji na kitambaa chake machoni akasema, "Mwacheni asome, hii ya leo ni nzuri kuliko ile yenyewe!"

Wewe anza na ile ya wasichana wawili wanaoanzisha chama cha wasio na chama. Hakuna anayejiunga. Wanafanya uchaguzi wakiwa wawili, na wote wawili wanashindwa. Nilidhani nimesoma vibaya, nikarudisha nyuma. Wameshindwa kweli, na wanapeana mikono ya pole!

Kisha ile ya mvulana anayevaa koti la marehemu babu yake hata jua likiwaka, na mfukoni ana futi kamba anapimia kila kitu, madawati, milango, mpaka pua ya mwalimu wa hesabu. Hapo katikati jiandae. Wenzake wanalitumbukiza koti lake kwenye dimbwi, na humu chumbani hakucheka mtu. Analitoa, analikamua, analivaa likichuruzika, anaingia darasani na kupima dawati la yule aliyelitupa. Tofali, ambaye hana neno zuri kwa mtu yeyote, alisema taratibu, "Rudisha nyuma, nimwone tena anavyoingia."

Ile ya msichana anayefuga konokono usiimalize. Ni tamu mpaka karibu na mwisho, halafu wanamsuka nywele, wanamvalisha gauni, ndipo shule nzima inampenda, na konokono hatuwaoni tena. Huo ni uongo. Mimi nataka zile ambazo mtu anabaki na kituko chake mpaka mwisho, na anapata japo mwenzake mmoja wa kukaa naye.

Nisalimie mama yako, mwambie asikulazimishe kusema. Bibi yako apake ile dawa ya goti. Kaka zako waambie wasikuigize, hata kwa utani. Baba yako msalimie pia. Tumegombana, lakini ni shemeji yangu.

Jumapili ya tarehe 13, mkesha wa kufungua shule, nitapiga simu wakati wa mapumziko. Mama yako atakupa simu na kutoka chumbani. Ukitaka kwenda shule, sawa. Ukitaka kukataa, nitasimama na wewe mbele ya baba yako, ila nataka uamuzi utoke kwako, usitoke kwa waliokucheka. Kama maneno hayaji, usiyavute. Pokea tu, nikusikie unapumua. Na kama kuna mahali kwenye sinema palikuchekesha, nichekee hapo simuni. Nitajua pa kuanzia.

Mungu akukinge na vicheko vya watu, akuachie chako.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na vituko vyako vyote.