Taa ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Jumamosi. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi.

Ijulikane kwa wote watakaosoma daftari hili, yaani mimi, kwamba leo saa nane mchana taa ya nyuma ya pikapu yangu, upande wa kushoto, imewaka kama taa. Wiki nzima ilikuwa na mambo yake. Nikikanyaga breki, indiketa ndiyo inakonyeza. Nikiwasha indiketa, taa zote za upande ule zinafifia kama zinaomba radhi. Aliyekuwa nyuma yangu hakujua kama nasimama, nakata kona au namtongoza.

Sikuwa na shaka nani kaziharibu. Jumamosi iliyopita Odhiambo, fundi wangu, alibadilisha balbu upande huohuo. Odhiambo anakaa mbali, Gatwekera, lakini kazi anafanyia Kawangware, kando ya ukuta wa ploti ya Baba Wambui, na jioni Baba Wambui humruhusu kuacha sanduku la vyombo ndani ya geti. Siku ile alipiga mluzi mwanzo hadi mwisho. Fundi anayepiga mluzi anafunika sauti ya kitu. Halafu nikaona ndani ya sanduku kipande cha waya nyekundu, mpya. Waya za gari langu nazo ni nyekundu.

Sikumwuliza. Mimi siulizi, mimi hutazama.

Kwa hiyo Alhamisi nilimwambia Baba Wambui, kwa sauti ya mtu asiyependa kusengenya, kwamba fundi wake huchomoa waya nzuri za watu akaweka mbovu. Alikuwa anakunywa chai. Alisema, "Ehe." Jana akamwambia Odhiambo ahame ifikapo Jumatatu.

Bila geti lile, Odhiambo atabeba sanduku begani kutoka Gatwekera kila asubuhi. Na akishafika Kawangware ataliweka wapi, na wateja watamjuaje alipo? Nililifikiria hilo jana. Sikujuta. Nilitaka kwanza nimkamate, ndipo nijue kama nilisema kweli.

Naam, nimeandika hivyo. Sifuti.

Leo nimempelekea gari. Nimekaa juu ya jiwe, macho kwenye vidole vyake. Safari hii hakupiga mluzi.

"Sule, mbona unaniangalia kama uji ulio motoni? Sifuriki."

"Najifunza tu, Odhis."

"Ukimaliza kujifunza, nishikie hii."

Amenipa balbu. Amechukua waya ndefu, ncha moja akaigusisha kwenye bati la taa, nyingine kwenye chuma kitupu chini ya gari, kisha akanyoosha mkono nimrudishie balbu, akaitia. Ikawaka vizuri. Akaondoa waya, ikafifia. Amerudia mara tatu, polepole, kama mwalimu aliyepewa darasa gumu. Kisha akafungua skrubu zinazoshika taa kwenye bodi, akakwangua pale zinapokaa. Yakaanguka magamba ya kijani.

"Nani alipaka rangi huku ndani?"

Nilimjua. Jumapili, rangi ya mlango wa duka la mke wangu ilikuwa imebaki. Nilizifungua taa zenyewe, nikapaka hadi chini yake, mara mbili, kutu isipate pa kuingilia. Wavivu hupaka pembeni tu. Nilijisifu hata kwa mke.

"Moto wa betri ukishapita kwa balbu unarudia kwa bodi," Odhiambo amesema. "Wewe umeufungia mlango. Ndiyo maana unahangaika kutafuta njia kwa indiketa."

Waya zangu zote zilikuwepo. Nyekundu, chakavu, zangu.

Akifunga skrubu ya mwisho ameuliza bila kuinua kichwa, "Baba Wambui ananihamisha bila kusema sababu. Lazima kuna mtu amenichongea. Umesikia ni nani?"

"Watu wa Kawangware hawa," nimesema.

Maneno manne, na hakuna hata moja lililonikwama kooni.

Nimezunguka ukuta, nimeingia kwa Baba Wambui, nimevua kofia. Nimemwambia yote: rangi, skrubu, na kwamba nilimsingizia mtu ambaye hajanichukulia hata uzi. Nimemwomba amwachie nafasi yake. Sijawahi kusema ukweli mwingi namna ile bila kupumzika. Nilijiona kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya jaji.

Baba Wambui amekuna kidevu.

"Kwani Alhamisi uliniambia nini?"

Nikarudia, neno kwa neno. Limekuwa chungu zaidi mara ya pili.

"Aa. Hiyo sikushika. Mimi naongeza vyumba upande ule, Sule. Hata angekuwa malaika angetoka."

Amenipeleka nyuma ya ploti nione. Mawe ya kujengea yalishushwa tangu Jumanne.

Odhiambo anahama Jumatatu.