Kisigino, Siyo Kiuno

Somo yangu Mwajuma,

Assalaam alaikum. Hujambo huko? Najua aliyelala haulizwi afya, lakini mdomo umezoea, na kila swala nakuombea nuru. Mimi mwenye jina lako ni mzima, ila nimechukia.

Unakumbuka nilivyochanika msuli wa nyuma ya paja, nikiteremka na ndizi kwenda sokoni Mkuyuni? Ukanilaza chali kwenye mkeka wako. "Kunja goti moja, kandamiza kisigino. Mguu wa pili nyoosha juu. Sasa inua makalio, shusha taratibu kama unatua ndoo. Ukisikia kiunoni, umekosea. Kisigino, Somo!"

Basi siku ya msiba wako, mtani wenu Mama Chausiku akajifunga kanga yako, akajitupa jamvini katikati ya vilio: "Msinizike kwanza, sijamaliza mazoezi!" Tulicheka na machozi yetu. Utani ni haki yake, sikatai. Lakini alikanyaga miguu yote miwili, anarusha kiuno kama chura! Nikasema, "Siyo hivyo." Akanigeukia: "Nyamaza, Mluguru kiguru!" Watu hoi.

Sasa wanawake wa mtaani wanamwiga yeye. Migongo ikiwauma, eti mazoezi ya marehemu ni mabaya. Ya marehemu! Wewe uliyenirudisha kutembea! Astaghfirullah, nilitaka kutukana.

Lakini kilichonichoma ni kaka yako. Arobaini yako inasomwa kule juu kwenu, ambako gari halifiki. Akasema mbele za watu, "Somo abaki mjini alinde nyumba. Mlimani nani atambeba?" Mimi, Mwajuma! Nisifike kaburini kwako kwa ajili ya paja!

Kweli, tangu ufe niliacha mazoezi, msuli ukalegea. Basi nikishaswali alfajiri natandika mkeka wako. Mguu wa kulia ulikubali upesi. Huu wa kushoto, uliochanika, ulitetemeka, nadondoka pu, nalia, naanza tena. Leo nimeinua, nimeshusha, sikudondoka. Nimesikia palepale, nyuma ya paja. Kiuno kimya.

Lala pema, Somo. Nakuahidi nitapanda kwa miguu yangu, kaka yako akitazama. Na Mama Chausiku nitamlaza jamvini hukohuko kwenu, nimfundishe.

Nijibu upesi, hata kwa ndoto, uniambie kama huu wa kushoto nimeupatia.

Mwajuma mwenzio