Ule Upande wa Chini Sikuukanyaga

Benard Kipkoech arap Ngeno,
S.L.P. 47,
Litein.
Tarehe 11 Februari, 2025.

Mpendwa binti yangu Cheptoo,

Chamgei. Barua hii ikukute ukiwa mzima, umevaa nguo za kutosha na umekula kitu cha moto. Baridi ya huko Kanada imepungua au bado inawauma masikio? Na kile kikohozi cha wakati wa Krismasi kimeisha kweli, au unatuambia tu kimeisha? Sisi hapa tuko wazima. Goti langu la kushoto linalalamika lakini mimi silisikilizi. Nina miaka sabini na tisa na bado nachuma kilo ishirini za majani kabla ya chai ya saa nne. Gibson mwana wangu, mtu mzima wa miaka arobaini, hafikishi. Muulize.

Mama yako Phyllis anakusalimu. Ng'ombe wake mweusi amezaa ndama jike na amempa jina lako. Usikasirike, amekupa heshima. Jua ni kali tangu mwaka mpya, majani yamekuwa magumu kama ngozi, lakini shamba langu bado ni la kijani kuliko mashamba ya majirani wote, na wanajua.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Siku zote Gibson ndiye anayeniandikia kwa simu, wewe unajibu kwa sauti, na nyumba nzima inasikiliza. Mara hii nimekataa. Nilisoma mpaka darasa la tatu peke yake, lakini mwalimu mwenyewe alikubali kwamba herufi zangu zinasimama wima kama askari. Hii ni siku ya tatu niko hapa mezani. Mama yako mkubwa Rebeccah ameuliza mara mbili naandika nini. Nimemwambia ni mambo ya ng'ombe.

Si mambo ya ng'ombe. Ni ile sauti uliyotuma Jumapili mbili zilizopita.

Tulikuwa tumetoka kanisani, chakula kiko mezani, Gibson akaiweka simu katikati ya sahani. Ulieleza vizuri. Ulisema mvua ilinyesha asubuhi, na kila tone likigusa lami ya uwanja wenu wa ndege linageuka barafu hapo hapo. Magari ya kusukuma theluji yalipita, ya kufagia yakafuata, mengine yakamwaga dawa. Ulituambia zamani walimwaga yuria, mbolea hii hii tunayopangia foleni ili tuweke kwa mahindi. Rebeccah akashika kichwa. Halafu ikawa zamu yako, na ile gari ya gurudumu la tano linaloshushwa chini kupima utelezi. Uwanja mnaugawa mara tatu, kila kipande kinapewa namba yake, na rubani aliye juu haoni kitu, anaamini zile namba tu.

Ukapima kipande cha kwanza. Ukapima cha pili. Yule mtu wa mnara akakuharakisha kwa redio kwamba ndege nne zinazunguka juu zikingoja. Kipande cha tatu ukakipa namba ya kile cha pili, ukatoka uwanjani. Ndege zikatua zote. Mkubwa wako akakusifu mbele ya wenzako kwamba hajawahi kuona mtu mwepesi hivyo. Ukacheka, ukasema, "Baba mkubwa, nilifanya kama wewe! Nilijua tu kwa nyayo. Sasa nimeshika siri ya kazi."

Hapo watu wakapiga makofi. Mama yako akasema huyu ni wa kwenu kabisa. Mimi nilisukuma sahani yangu kando. Gibson akaniangalia, akasema, "Mzee, leo hujisifu? Tukupeleke hospitali?" Wakacheka tena.

Tangu siku hiyo sili vizuri, binti yangu. Nikipita barabarani Litein nikaona ndege juu, hata kama ni ndogo kama nzi, nasimama mpaka ipotee.

Ile hadithi unaijua tangu ukiwa kwenye magoti yangu. Jinsi mimi, Kipkoech, niliyekuwa mtunza uwanja wa ndege wa kampuni ya chai, nilivyovua viatu mvua ya mawe ilipopita, nikatembea juu ya barafu bila kuogopa, nikainua bendera nyeupe, na ndege ikatua kama kuku anayekalia mayai. Marehemu baba yako, mdogo wangu Kipkemoi, aliipenda sana. Hata wewe uliwaambia watu wa huko walipokuhoji kuhusu kazi, wakakupenda kwa sababu yake. Uliniambia hivyo kwa furaha na mimi nikajisikia mkubwa.

Sasa sikiliza. Sehemu yake ni kweli. Uwanja ulikuwepo, wa nyasi, katikati ya majani chai, umeinama kuelekea mtoni. Ndege ilikuwepo, ndogo, ya kwenda kuyapiga mawingu dawa ili mawe yasiharibu chai. Na kazi ilikuwa yangu. Mawe yakianguka ndege ikiwa juu, nilivua viatu na kutembea kutoka juu mpaka chini kabisa, kwa sababu macho yanadanganya. Mawe yakiyeyuka kidogo yanazama ndani ya nyasi, na nyasi inabaki kijani kama kawaida. Ni mguu tu unaojua. Katika kazi hiyo hakuna aliyenifikia, hilo silifuti.

Katikati ya uwanja kulikuwa na pipa lililopakwa rangi nyeupe. Siku ile, mwaka wa sabini na moja, nilitembea mpaka kwenye pipa. Nyayo zilikuwa zinawaka kama nimekanyaga makaa. Ndege ilikuwa inazunguka. Nikajiambia, upande wa chini una jua zaidi, mawe yake yamekwisha. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini. Nikarudi juu, nikainua bendera.

Chini kule alisimama mwenzangu Oyaro. Kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe wasiingie uwanjani, hakuwa na bendera. Ndege ilipoanza kushuka nilimwona amevua koti, anapunga kwa mikono miwili, anaruka. Nilimwona, Cheptoo. Nikasema moyoni, mtu wa kutoka kwenye joto la mashamba ya miwa ataniambia nini mimi kuhusu mawe? Bendera haikushuka.

Rubani alifikiri ni ng'ombe wanafukuzwa. Ndege iligusa vizuri, ikapita pipa vizuri, ikafika upande wa chini ikateleza kama sabuni kwenye sahani. Ikageuka ubavu. Oyaro alikuwa bado anapunga. Bawa lilimshika kwenye nyonga.

Rubani alitoka na jino moja limevunjika. Meneja akaja, akauliza ni nani aliyetembea upande wa chini. Nikasema Oyaro.

Jina moja tu nililitaja. Oyaro alikuwa hospitalini amefungwa plasta mpaka kiunoni, hakuna aliyekwenda kumuuliza. Wakasema alikuwa amelewa. Alipotoka na fimbo hakukuwa na kazi. Mimi kabla ya mwaka kwisha nilifanywa nyapara. Rubani alikuwa amesema upande wa juu ulipimwa vizuri, nami nikachukua maneno yake hayo nikajengea ile hadithi, nikailisha familia yangu miaka hamsini na zaidi. Hata kwa Rebeccah sijawahi kusema.

Nilitaka kukuandikia haya mara tu niliposikia ile sauti na kuyafunga kwa bahasha. Lakini nikaona nitakuwa nakutuma wewe mahali ambapo mimi mwenyewe sijaenda. Kwa hivyo Jumanne iliyopita nilikwenda Fort Ternan. Miaka yote nilijua Oyaro anaishi huko chini, na nikipita njia hiyo nilikuwa naangalia upande mwingine. Nilibeba kilo mbili za chai na kibuyu cha maziwa ya mursik.

Nilimkuta kwenye kivuli cha nyumba akinoa panga la miwa, mguu mmoja umenyooka mbele kama mti. Mke wake Akello alikuwa anapepeta mtama. Oyaro aliinua macho.

"Arap Ngeno," akasema. "Umezeeka vibaya."

Nikamwambia yeye ndiye amezeeka vibaya, mimi bado nachuma kilo ishirini. Yaani hata hapo, binti yangu, mdomo huu ulianza kujisifu. Akello akaniletea kiti. Nikaongea mambo ya mvua, mambo ya bei ya miwa, nikaongea mpaka maneno yakaisha. Oyaro alikuwa ananoa tu.

Halafu akauliza, "Siku ile ulitembea mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye pipa."

"Na koti uliliona?"

Nikasema, "Niliona."

Aliweka panga chini. Hakunitukana. Alimgeukia mke wake akasema, "Akello, umesikia? Nilikuambia nilipunga."

Yule mama aliacha kupepeta. Akafunika uso kwa kitenge. Hapo ndipo nilipoelewa. Mguu alikuwa amekwisha kuusahau. Kilichomla miaka yote ni kwamba hata ndani ya nyumba yake hakuna aliyemwamini.

Mursik hakunywa. Chai aliniambia nirudi nayo. Nilipokuwa naondoka akaniambia, "Nenda uwaambie wale wote uliowaambia ile hadithi nyingine." Hilo tu. Hakunisamehe, na sikuomba, kwa sababu niliona aibu kumwongezea kazi.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Cheptoo, mwendee mkubwa wako. Mwambie kipande cha tatu hukukipima, na namba uliyoandika ilikuwa ya kipande kingine. Usingoje akugundue. Najua kazi inaweza kwenda. Najua paa la mama yako limetoka kwa hiyo kazi na wadogo zako wanasoma kwa hiyo kazi. Nimeyafikiria hayo siku tatu hapa mezani, si kwamba nimeyasahau. Lakini barafu ikikosa kumwangusha mtu siku moja, inamfundisha vibaya. Mimi kabla ya siku ile nilikuwa nimeishia kwenye pipa mara mbili, na mara zote mbili ndege ilitua salama. Hiyo ndiyo siri unayosema umeishika. Itupe. Ndege yetu ilikuwa na mtu mmoja. Hizo zako nne zilikuwa na wangapi?

Na kama kuna mtu huko upande wa chini anakupungia, hata kama humpendi, hata kama ni mgeni wa baridi, shusha bendera kwanza. Mtagombana baadaye.

Jumapili hii baada ya kanisa nitawaambia wote, Rebeccah, Gibson na mama yako, chakula kikiwa mezani. Gibson hatakuwa na kitu cha kucheka. Ukipiga simu usinitetee. Nimejitetea vya kutosha.

Hii barua naipeleka posta mwenyewe kwa miguu, nisije nikaipa mtu halafu nikamkimbilia njiani kumnyang'anya. Nijibu kwa mkono wako, hata kama ni mistari miwili. Uniambie umekwenda au hukuenda. Nitakupenda kwa vyote viwili, lakini usingizi nitaupata kwa kimoja.

Phyllis anakusalimu, Gibson na watu wa nyumba yake wanakusalimu, Rebeccah anasema uvae soksi mbili. Mungu akulinde kwenye hiyo lami, akupe miguu isiyo na haraka, na akufikishe mwisho wa uwanja kila mara, hata wakikuita urudi.

Mimi baba yako mkubwa nikupendaye, niliyeishia kwenye pipa,

Benard Kipkoech arap Ngeno.